Chubwi ya chambo: msumari watosha, risasi isipite jikoni

Shule zinapofungwa, wazazi wengi wa mjini huumiza vichwa wakitafuta jambo la kuwashughulisha vijana. Kukaa mbele ya televisheni kutwa kucha hakumfai mtu. Wako wanaofunga safari hadi Ziwa Naivasha, lisilofika hata kilomita 100 kutoka Nairobi, wakiwa na fimbo ya kuvulia, mshipi na ndoana chache.

Samaki anayewavutia wavuvi wa starehe huko ni besi, yule mwenye kinywa kipana, aliyeletwa kutoka Marekani na kutiwa ziwani humo katika miaka ya 1920 kwa ajili ya mchezo huu. Besi ni samaki mwenye tamaa. Hujificha penye majani na vigogo, akangoja kidudu kimpitie karibu. Ndiyo sababu wanaomvua hupenda chambo cha plastiki laini chenye umbo la mnyoo, urefu wa sentimita 10 hivi.

Shida ya chambo hiki ni wepesi wake. Ukikitupa kitupu huzama pole pole mno, na upepo wa ziwani ukivuma, mshipi hupeperushwa kabla chambo hakijafika chini. Dawa yake ni kukitia chubwi ndogo ndani ya mwili, yaani kijiti kizito cha gramu 1 hadi 3. Madukani vijiti hivyo huuzwa tayari, lakini ni vya kuagizwa kutoka ng'ambo na bei yake si ya mwanafunzi. Ndipo kijana husema: nitajitengenezea.

Na ajitengenezee. Ila kuna njia mbili, na mzazi yafaa azijue zote kabla moto haujawashwa.

Njia ya msumari

Njia ya kwanza haihitaji moto. Nunua misumari ya kawaida ya mbao, ile laini. Usichukue ya kupigilia ukutani kwa saruji, kwa kuwa hiyo ni migumu na huvunjika kwa kuruka. Ubane msumari kwenye jiliwa, uukate kwa msumeno wa chuma, kisha usugue ncha zote mbili kwa tupa. Upande mmoja uwe butu na mwingine uchongoke kidogo ili uingie bila kupasua plastiki. Anayekata avae miwani ya kukinga macho, na wadogo wasogee mbali.

Uzito wake hukadiriwa kwa hesabu ya darasani. Sentimita moja ya ujazo ya chuma cha msumari ina uzito wa karibu gramu 7.8. Kwa hiyo kipande chenye unene wa milimita 4 na urefu wa sentimita 2 hufika karibu gramu 2. Ukitaka gramu 1, kata nusu yake. Msumari mmoja mrefu hutoa vipande kadhaa, na ukivipoteza majanini huna la kujutia.

Skrubu fupi nyembamba pia hufaa, tena huenda ikashinda msumari. Meno yake hushika plastiki, kwa hiyo haichomoki chambo kinapotupwa kwa nguvu. Ikate kichwa, kisha uisokote taratibu mpaka izame yote. Kama msumari wako huteleza, ukwaruze ubavuni kwa tupa ili ushike.

Sukuma chubwi hiyo kwenye upande wa kichwa, ule mnene, ikifuata katikati ya mwili. Ikienda mshazari, chambo kitazunguka majini na kusokota mshipi. Kisha ndoana ipite katikati ya chambo, si kichwani. Kikitupwa, kichwa hutangulia kuzama, na kikifika chini husimama kwa kichwa huku mkia ukichezacheza juu. Mshipi ukivutwa kidogo na kulegezwa, hufanana na kidudu kinachochokora matope. Mara nyingi besi hukidaka kikiwa bado kinashuka, kwa hiyo macho yasibanduke kwenye mshipi.

Kuna ubaya mmoja wa msumari: hupata kutu. Ukirudi nyumbani uchomoe, uukaushe na uufute. Na chambo kilichochanika kisiachwe ziwani; kirudi nawe mfukoni.

Njia ya risasi

Njia ya pili ndiyo inayonifanya niandike haya leo. Wavuvi tangu jadi hupenda chubwi za risasi, na si bila sababu. Risasi ni nzito kuliko chuma: kipande cha sentimita 2 cha risasi hulingana kwa uzito na msumari wa karibu sentimita 3 wenye unene ule ule. Tena huyeyuka upesi, kwenye nyuzi 327 tu za Selsiasi, joto ambalo jiko la makaa au la gesi hulifikia. Basi mtu huchukua betri kuukuu ya gari, akaipasua, akayeyusha vibamba vyake katika sufuria nyuma ya nyumba. Anayeona jambo hilo husema ni ufundi.

Ni hatari. Vumbi na moshi wake hutua sakafuni, kwenye nguo na kwenye udongo wanaochezea watoto. Risasi ikiingia mwilini hushambulia ubongo, damu na figo. Mtoto mdogo huumia zaidi kwa kuwa mwili wake hufyonza sehemu kubwa kuliko wa mtu mzima, na mikono yake haiachi kwenda kinywani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Anayedhani haya ni maneno ya kutisha watu na atazame Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha wavuvi kando ya Dakar, nchini Senegal. Huko wafua vyuma walizoea kwa miaka mingi kutoa risasi katika betri za magari na kuifanya chubwi za nyavu. Vumbi lilijikusanya mchangani. Bei ya risasi ilipopanda, wenyeji wakaanza kuchimba mchanga huo, kuuchekecha na hata kuuleta majumbani. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, watoto 18 walifariki.

Nasi Kenya tunayo yetu. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwaachia wakazi sumu iyo hiyo. Phyllis Omido, aliyekuwa amefanya kazi hapo, aliwaongoza kudai haki baada ya mwanawe mchanga kupatikana na risasi mwilini. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufani, Mahakama ya Juu ikakubaliana na fidia hiyo Desemba 2024. Fedha ni fedha, lakini ubongo wa mtoto ukishadhurika hakuna mahakama iwezayo kuurudisha.

Huenda mtu akajibu kwamba kiwanda si sufuria moja. Ni kweli. Lakini sufuria moja iko karibu zaidi na mtoto wako kuliko kiwanda chochote.

Wenzetu Uingereza walipiga marufuku uuzaji wa chubwi nyingi ndogo za risasi mwaka 1987, kwa sababu mabata-maji walikuwa wakizimeza na kufa. Ikiwa ndege walistahili kulindwa, watoto wetu je?

Iliyomo nyumbani

Ikiwa tayari kuna chubwi za risasi katika kisanduku cha babu au baba, msizitupe uani wala jikoni. Zitiwe katika mkebe wenye kifuniko, mahali ambapo mtoto hafiki. Anayezishika anawe kwa sabuni kabla ya kula. Wapo pia wavuvi wenye mazoea ya kubana vipande vidogo vya risasi mshipini kwa meno. Mazoea hayo yakome, koleo ipo. Waya wa kulehemu nao usitumiwe kama chubwi, maana aina nyingi zina risasi.

Na kama risasi imewahi kuyeyushwa nyumbani kwenu, sufuria ile isipikiwe tena kamwe, na mtoto apelekwe hospitali apimwe damu. Dalili zake, kama kuumwa tumbo, uchovu na kuzorota masomoni, hufanana na za maradhi mengine, kwa hiyo macho ya mzazi hayatoshi.

Kabla ya safari, ulizieni kibali cha kuvua katika ofisi ya idara ya uvuvi. Mkifika ziwani msikae ukingoni jua likizama, maana huo ndio wakati viboko hutoka majini kula nyasi. Na misumari mkate ya kutosha: majani ya Naivasha hayarudishi kilichonaswa.