Kugoma si kuacha kazi

Mtu anayejifunza Kiingereza hufurahi akikuta neno linalolingana sawasawa na neno lake la nyumbani. Katika mambo ya kazi na ugomvi wa mshahara furaha hiyo haidumu. Sisi twasema «kugoma», na hapa Kongo wengi husema «kufanya greve», basi imekwisha. Waingereza na Wamarekani wana maneno mengi, na kila moja lamweka mfanyakazi mahali pake: huyu nje ya mlango, huyu ndani, huyu njiani kwenda zake asirudi tena. Twataka leo kuyatazama machache, kwa maana kuyachanganya kwaweza kumpotezea mtu riziki yake.

Neno la kwanza ni «strike». Katika lugha ya mabaharia wa Uingereza lilikuwa na maana ya kushusha tanga. Mwaka 1768 mabaharia wa London, wakidai mshahara ulio bora, walipanda katika merikebu zilizokuwa mtoni Thames, wakazishusha matanga yake, hata zisiweze kuondoka. Ndipo neno la kushusha tanga likawa neno la kusimamisha kazi. Angalieni vema: mabaharia wale hawakuitoboa merikebu, wala hawakuikimbia. Tanga lililoshushwa laweza kupandishwa tena siku ile mapatano yanapofikiwa.

Na «greve» yetu, tuliyoipata kwa Wafaransa na Wabelgiji, ina habari ya namna nyingine. Huko Paris, kando ya mto Seine, palikuwa na uwanja ulioitwa Place de Grève, yaani uwanja wa ufuko wa mchanga na changarawe. Watu wasio na kazi walisimama pale wakingoja wa kuwaajiri. Kwa hiyo aliyekuwa «katika greve» hapo zamani alikuwa mtu anayetafuta kazi. Maana ya kuikataa ilikuja baadaye.

Turudi kwa Kiingereza, maana hapa ndipo penye hatari. Kwetu sisi «kuacha kazi» ni maneno yenye pande mbili. Twasema «acha kazi, njoo ule», maana yake pumzika kidogo. Twasema pia «fulani ameacha kazi», maana yake hayumo tena katika daftari la kampuni. Kiingereza huitenga maana hiyo ya pili kwa neno «quit», na katika barua za ofisi «resign», ambalo ndilo kujiuzulu. Sasa fikirini wafanyakazi mia wanaomwandikia bwana wa kazi: «Tumeacha kazi mpaka mtujibu», na karani akaandika «quit». Bwana wa kazi ana haja gani ya kujibu? Atasema wameondoka wenyewe, atafute wengine.

Wala msidhani kwamba ni ubishi wa walimu wa lugha tu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1935 juu ya mambo ya wafanyakazi yasema wazi kwamba mtu aliyesimamisha kazi kwa sababu ya ugomvi wa kazi angali mfanyakazi. Ni kweli kwamba mwaka 1938 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliwapa mabwana wa kazi ruhusa ya kuweka watu wengine mahali pa wagomaji, tena kwa kudumu. Ulinzi ni mwembamba basi. Hata hivyo mgomaji hahesabiwi kuwa amejiuzulu, na aliyejiuzulu hana hata ulinzi huo mwembamba.

Wazee wa Katanga hawakuhitaji kamusi kulijua jambo hili. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière mjini Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, waligoma wakitaka mshahara uongezwe. Askari waliwapiga risasi katika uwanja wa mpira, makumi ya watu wakafa. Wale hawakuwa wameitupa kazi. Walitaka kuifanya na kulisha watoto wao kwayo.

Maneno mengine yaonyesha mwili wa mgomaji uko wapi. «Down tools» ni kuweka vyombo chini. Huenda mtu angali amesimama karibu na mashine yake. «Walkout» ni kutoka nje pamoja, kwa miguu, mara moja. Husemwa pia kwa wajumbe wanaotoka mkutanoni kwa hasira. «Wildcat», yaani paka-mwitu, ni mgomo ulioanzishwa bila ruhusa ya chama cha wafanyakazi.

Lakini «sit-down» ni kinyume cha kutoka. Mjini Flint, katika jimbo la Michigan, wafanyakazi wa viwanda vya motokaa vya General Motors waliketi ndani ya viwanda tangu tarehe 30 Desemba 1936 hata tarehe 11 Februari 1937, siku 44. Walilala juu ya viti vya motokaa, na chakula kiliingizwa kutoka nje. Kwa nini wasitoke? Kwa sababu aliyetoka huona mwingine akiingizwa mahali pake, lakini penye mtu aliyeketi hapana nafasi. Polisi walipokuja na moshi wa kutoa machozi, walikutana na maji ya mipira ya kuzimia moto na bawaba za milango zikirushwa. Mwishoni kampuni ilikubali kupatana na chama chao. Mwaka 1939 Mahakama Kuu iliamua kwamba mgomo wa namna hiyo hauna kinga ya sheria, na waliouketi waweza kufukuzwa.

Nao Waskoti wana neno lao, «ca' canny», yaani «nenda polepole», tunaloliita mgomo baridi. Yasimuliwa kwamba mwaka 1889 wapakuzi wa bandari ya Glasgow waligoma wakashindwa, maana mabwana walileta watu wa mashamba wasioweza hata kutembea vizuri juu ya ubao wa merikebu, wenye kuangusha mizigo. Hata hivyo mabwana walisema wameridhika nao. Basi katibu wa chama aliwaambia watu wake warudi kazini, wafanye kazi sawasawa na wale walioridhisha. Baada ya siku chache mabwana wenyewe waliwaomba wafanye kama zamani, wakawaongezea mshahara. Twakiri kwamba hadithi hii yatuchekesha.

Limebaki «lockout», nalo magazeti yetu hukosea kulitafsiri kuwa mgomo. Dublin, mwaka 1913, mgomo wa watu wa tramu ulipokwisha kuanza, matajiri wa mji waliwataka wafanyakazi wao watie sahihi karatasi ya kukikana chama. Waliokataa walifungiwa mlango. Walikuwa watu wapata 20,000, na jambo lile lilidumu hata mapema mwaka 1914. Mtu aliyekuja asubuhi akakuta kufuli hakugoma, wala hakuacha kazi. Tuandike «kufungiwa nje».