Nani anakoroga uji?

Na Kabula Masunga

Hizi ni siku za giza, mwezi haupo, na wavuvi wa dagaa wanafanya kazi hadi alfajiri. Ninapofika mwaloni saa kumi na mbili kasorobo, taa zao zinazimwa moja moja huku ziwa likianza kupata rangi. Huu ni mwezi wa tatu nateremka pale kwa miguu. Naenda mwendo wa haraka, penye tambarare napiga mchakamchaka kama wa shuleni, kisha narudi na sato wawili waliotungwa kwenye kamba. Kwenda na kurudi ni dakika arobaini hivi. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate walau dakika 150 za namna hii kwa wiki, kwa hiyo siku nne zinanitosha.

Wanawake wenzangu hapa Chato wananiuliza swali moja: “Mama, sasa si utaacha kupika?” Wameshasikia kwamba anayefanya mazoezi huanza kuogopa ugali. Siogopi. Napenda kupika kuliko kazi nyingine yoyote ya nyumbani, na hasa kusonga ugali wa udaga, ule unga wa muhogo: maji yakichemka unamwaga unga, unakaza mkono kabla haujafanya mabonge, mpaka unashikana na kuvutika. Kando kuna nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yameungwa kwa karanga. Sitaki mwili mwepesi uliokosa chakula hicho.

Ila sahani hiyo nimeitazama upya. Ilipangwa kwa ajili ya watu wa jembe na sururu. Kijana anayeshuka kwenye duara, shimo la dhahabu, kule Rwamgasa anaila na kuimaliza kwa jasho. Dada yake ni wakala wa pesa za simu Katoro, amekaa kitini tangu asubuhi hadi usiku, na anapakuliwa mlima ule ule. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba kati ya watu wazima 100 wa nchi hii, wapatao 26 walikuwa na uzito uliozidi, na karibu idadi hiyo hiyo walikuwa na shinikizo la juu la damu. Tulikuwa tukiyaita magonjwa ya wakubwa wa mjini. Siku hizi yanatusubiri kwenye mikeka yetu.

Na mkosaji mkuu si udaga, ni mafuta. Dukani tunayanunua kwa kipimo, jikoni tunayamimina kwa jicho. Siku moja nilichukua kijiko kikubwa nikapima kile nilichozoea kutia kwenye mchuzi wa watu watano. Vilifika vijiko tisa. Kijiko kimoja kina kalori zipatazo 120, maana yake kila mtu alikuwa anakunywa zaidi ya kalori 200 za mafuta matupu. Safari yangu ya mwaloni na kurudi inachoma kama kiasi hicho. Mchuzi peke yake ulikuwa unaifuta asubuhi yangu yote, na hapo ugali bado haujaguswa.

Sasa natia vijiko vitatu. Nikiunga kwa karanga sitii mafuta kabisa, maana karanga zina yake. Sato namchemsha na nyanya na ndimu, au namchoma. Sangara mnene anatoa mafuta yake mwenyewe akipata moto. Ndiyo maana kwa kawaida wanawake wa mwaloni hawamwaniki juani kama dagaa, wanambanika au wanamkaanga. Mambo haya huyapati kwa kula kibandani. Unayapata ukishika mwiko mwenyewe, na kwa sababu hiyo nasema anayeanza mazoezi apike zaidi, asipike kidogo.

Lakini kuna jambo linaloniumiza zaidi ya mafuta. Desemba 2016 Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, ikatengwa Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Nililipokea vizuri wazo hilo na bado naliunga mkono. Hata hivyo, ninaopishana nao kando ya lami alfajiri wengi ni wanaume, na wasichana ambao hawajaolewa. Mama wa miaka arobaini simwoni. Yuko jikoni anapuliza moto, kwa sababu watu wa nyumbani lazima wanywe uji kabla ya shule na kazi.

Nami wiki mbili za kwanza niliamka saa kumi, nikakoroga uji, nikaufunika, ndipo nikatoka. Mwili ulikataa. Kumwambia mama akafanye mazoezi bila kuuliza nani atabaki na sufuria ni kumwongezea zamu nyingine. Mhudumu wa afya anayemshauri mama atembee, amwite pia mumewe, aulize habari za jiko wote wawili wakisikia.

Nyumbani kwetu niliuliza hivyo hivyo, mezani. Mume wangu alichukua kazi ya moto na chai. Kijana wetu wa kidato cha pili akasema, “Mama, nifundishe uji.” Nikamwonyesha: unga wa mtama uukoroge kwanza kwa maji baridi, ndipo umimine kwenye yanayochemka, na mkono usisimame. Siku ya kwanza ulikuwa mabonge matupu. Tuliunywa wote, hakuna aliyesema neno.

Juzi niliporudi kijana huyo alinipokea sato mlangoni. “Shikamoo mama. Lete nimtoe magamba, wewe kaa.” Nikakaa kwenye kigoda, kikombe mkononi. Nimeolewa miaka kumi na saba, na siku zote uji wa asubuhi nilikuwa naunywa mwisho, umeshapoa. Huu ulikuwa unatoa mvuke.