Msimcheke Pono

Humu shuleni mwanafunzi akisinzia darasani huitwa pono. Sina ugomvi na jina hilo, maana samaki huyo kweli hulala fofofo usiku. Ila mchana, jamani, anachapa kazi kuliko wengi wetu, na kazi yake ndiyo hoja yangu leo.

Katika mdahalo wa chama muhula uliopita, upande wa upinzani ulishikilia kwamba kulinda bahari ni kazi bure. Eti joto la dunia linaletwa na moshi wa nchi tajiri, kwa hivyo mvuvi wa Kenya aache nyavu haramu asiache, mambo ni yale yale. Walipigiwa makofi sana. Mimi napinga.

Kwanza niwape haki yao. Matumbawe si mawe, ni wanyama wadogo wanaoishi na mimea midogo mno ndani ya miili yao. Mimea hiyo ndiyo huwalisha na kuwatia rangi. Maji yakizidi joto la kawaida la kiangazi kwa digrii 1 tu, yakakaa hivyo majuma kadhaa, matumbawe huifukuza mimea hiyo yakawa meupe kama mfupa. Joto lisipopungua, hufa njaa. Mwaka wa 1998, wakati wa El Nino, sehemu nyingi za pwani yetu zilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe. Hata hifadhi za Malindi na Watamu, zilizotengwa tangu 1968, hazikunusurika. Joto halisomi kibao cha "Usivue Hapa". Mwaka wa 2016 na 2024 yalipauka tena.

Lakini yakishafa, je? Hapo wapinzani walinyamaza. Mwamba uliokufa huvamiwa na mwani, na matumbawe machanga yakija hayapati pa kushika. Ndipo pono huingia na mdomo wake kama wa kasuku, akaguguna mwani mchana kutwa. Naye kikande hula wale wanyama wa miiba (ukiwakanyaga utajua!) ambao wakizidi huutafuna mwamba wote. Tukiwamaliza samaki hawa kwa juya, tumeziba njia ya bahari kupona. Hilo si kosa la viwanda vya Ulaya.

Na mvuvi ale nini? Swali la haki kabisa. Simuungi mkono mtu wa ofisini anayemwambia baba wa watoto sita aache kuvua, kisha apande gari aende zake. Kule Kuruwitu, Kilifi, wavuvi wenyewe ndio waliokubaliana, mwaka wa 2005, kufunga hekta 30 hivi za bahari, na samaki wakarudi. Wala si lazima kufunga kila mahali. Kuna malema yaliyoachiwa mwanya mwembamba ubavuni: samaki wachanga wanatoka, wakubwa wanabaki. Yamejaribiwa papa hapa Pwani na pato la mvuvi halikushuka.

Upinzani wajibu hoja ya malema kwanza, ndipo tupige kura upya.