Kabla ya kupaa ndotoni, lala kwanza

Wasee wa Kisumu, hebu tuongee kuhusu hii mambo ya kuota ukijua unaota. Siku hizi kila ukishika simu kuna kijana anakuahidi kwamba ndani ya siku tatu utakuwa unapaa juu ya mji, unapiga stori na staa unayempenda, unaendesha gari lenye hata baba yako hajawahi kuligusa, na yote hayo ukiwa kitandani.

Msimamo wangu ni huu: hiyo kitu ni ya kweli, inafunzika, na ni bure. Shida ni kwamba hao walimu wanaanzia mwisho. Wanakuuzia kupaa kabla hawajakuuliza unalala saa ngapi.

Najua kuna wenye watasema ni uongo, kwa hivyo nianze hapo. Mwaka wa 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull kule Uingereza, mtafiti Keith Hearne alimpima mtu anaitwa Alan Worsley akiwa amelala. Ukiota, misuli ya mwili huwa imezimwa, lakini macho bado yanacheza. Wakapatana mapema: ukishajua uko ndotoni, peleka macho kushoto na kulia mara kadhaa. Worsley akalala, mashine zikaonyesha yuko usingizini, na ishara ikaja. Miaka michache baadaye Stephen LaBerge wa Stanford, Marekani, naye akathibitisha hivyo hivyo. Mwaka wa 2021 watafiti wa Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi wakatangaza kwamba wameuliza watu hesabu ndogo ndogo wakiwa ndotoni, kama nane toa sita, na baadhi yao wakajibu kwa macho. Mtu amelala fofofo na anafanya hesabu!

Sasa sikia mahali ngoma iko. Usingizi huenda kwa mizunguko ya karibu dakika 90. Karibu kila mzunguko una kipande chake cha ndoto kali, wanakiita REM, na kipande hicho huzidi kurefuka usiku ukisonga. Cha kwanza ni cha dakika chache tu. Vya mwisho, kuelekea alfajiri, vinaweza kufika nusu saa au zaidi. Kwa wengi wetu, ndoto nono ziko kati ya saa tisa usiku na saa kumi na mbili asubuhi.

Haya, angalia maisha yetu. Uko shule ya bweni, kengele inalia saa kumi na nusu. Uko mtaani Manyatta au Nyalenda, umelala saa saba kwa sababu bando ya usiku ni rahisi, na saa kumi na moja lazima uwe umeamka kwenda kutafuta. Madaktari wa usingizi kule Marekani wanashauri saa 8 hadi 10 kwa watu wa miaka 13 hadi 18. Wewe unapata tano, halafu unauliza mbona huoti. Utaota saa ngapi? Umekata mkate ukatupa upande wenye siagi.

Na hii ndiyo inaniuma zaidi: tumefunzwa kujivunia. Msee akisema analala saa nne tu, tunampigia makofi, tunamwita mpiganaji. Mwenye analala saa nane anaitwa mvivu. Mimi nasema kijana anayenyimwa usingizi ananyimwa kitu chake, na hakuna programu ya simu itamrudishia.

Hatua ya pili ni kukumbuka, na hapa ndipo nawacheka wenye wananunua mafunzo kutoka ng'ambo. Walimu wote wakubwa wanaanza na daftari la ndoto: ukiamka, kabla hujashika simu, andika ulichoota. Lakini hapa ziwani watu walikuwa na hilo zoezi zamani bila daftari. Kwa Wajaluo ndoto ni lek, na si kitu cha kupuuzwa asubuhi. Mtu akiota jamaa aliyekufa amekuja kudai jina, mtoto hupewa hilo jina, na huitwa nying juogi. Kuna watu wazima leo hapa Kisumu na Siaya wanaobeba majina yaliyokuja hivyo. Hata Legio Maria, kanisa lililozaliwa Nyanza mwanzoni mwa miaka ya 1960, limeipa ndoto na maono nafasi kubwa. Si lazima uamini yote hayo. Lakini kubali kwamba dani akikuuliza asubuhi umeota nini, anakufanyisha zoezi lile lile ambalo mzungu anakuuzia kwa dola. Mjibu.

Hatua ya tatu ni kujipima. Mara kadhaa kwa siku jiulize kwa dhati, "Naota saa hii?" halafu hakikisha. Ziba pua na ujaribu kuvuta hewa. Ndotoni hewa mara nyingi hupita. Ama soma maandishi kwa matatu ya Kondele, angalia kando, soma tena. Ndotoni maandishi hubadilika badilika. Ile ya kuwasha swichi ya taa ukiona haiwaki ujue unaota, sisi tuiache. Huku stima ikipotea mji mzima utajiona uko ndotoni. Na ukienda Dunga asubuhi upate gugumaji lililofunika maji jana limepotea lote, usianze kuruka upae. Hiyo si ndoto, ni upepo umelisukuma ng'ambo.

Hatua ya nne ni nia. Ukiamka alfajiri kwenda haja, ukirudi kulala jiambie, "Nikianza kuota nitakumbuka kwamba naota," na ujione ndani ya ndoto uliyotoka nayo. Mtafiti Denholm Aspy wa Chuo Kikuu cha Adelaide, Australia, alichapisha mwaka wa 2017 kwamba walioamka baada ya saa tano, wakafanya hivyo pamoja na kujipima mchana, walifaulu karibu asilimia 17 ya usiku katika wiki moja. Hiyo ni kama usiku mmoja kwa sita. Kwa hivyo mtu akikuahidi usiku wa kwanza, jua anatafuta watazamaji. Na hii ya kuamka katikati fanya wikendi, wakati unaweza kulala tena. Usiiibie wiki ya shule.

Kuna upande mwingine lazima niseme. Ukicheza na usingizi hivi unaweza kuamka akili ikiwa macho na mwili bado umezimwa. Huwezi kusonga, kifua kizito, unaona kama kuna mtu chumbani. Hilo ndilo jinamizi. Linatisha lakini hupita. Pumua polepole, jaribu kusongesha kidole kimoja. Likikurudia kila mara, acha mazoezi na ulale vizuri. Na kama tayari kuna nyakati unasikia au kuona vitu ambavyo wengine hawavioni, hii si yako kwa sasa. Ongea na daktari kwanza. Vidonge vya kuongeza ndoto usiguse. Ile galantamine wanayoisifia ni dawa ya wagonjwa wa Alzheimer.

Mwisho, kuhusu kutawala ndoto. Video zote zinakufunza kuamuru: badilisha hiki, fukuza yule, ita huyu. Mimi naona siku utakayojijua uko ndotoni, tulia kwanza. Angalia. Kama umekutana na guka yako ambaye tulimzika, utamgeuza pikipiki kweli? Msalimie. Muulize alichokuja nacho. Labda ni kumbukumbu yako tu inaongea, labda wewe na dani hamtakubaliana kamwe kuhusu hilo. Lakini ni wangapi wetu wangetoa chochote kupata dakika tano na mtu aliyeenda? Kupaa kunaweza kungoja.

Kwa hivyo wiki hii usitafute mbinu mpya. Zima simu saa nne usiku, weka kalamu na daftari kando ya kitanda, na asubuhi andika hata kama ni neno moja. Fanya siku saba. Halafu uniambie uliota nini, na ulilala saa ngapi.