Grand Canyon Haikufunguliwa na Gari

Wapenzi wa magari ya kale wana simulizi wanayoirudia: motokaa ilifika Grand Canyon, kule Arizona, Marekani, mpiga picha akashuka na kamera yake, na dunia ikaliona korongo hilo. Simulizi hiyo inawanyima haki waliofanya kazi yenyewe. Tuipime dai kwa dai.

"Gari ndilo lililofungua njia." Reli ilitangulia, ilifika ukingo wa kusini Septemba 1901. Januari 1902 gari la mvuke aina ya Toledo liliondoka Flagstaff, likiwa na mpiga picha Oliver Lippincott. Safari iliyotarajiwa kuwa ya saa chache ilikula siku kadhaa: gari liliharibika, likaishiwa mafuta, ikabidi abiria mmoja atembee kutafuta msaada. Wageni wa magari walikuja kuwazidi wa treni mwaka 1926.

"Bila gari kusingekuwa na picha." Mwaka 1871 Timothy O'Sullivan aliingia korongoni kwa mashua, akapiga picha kwa vioo vilivyopakwa dawa, ambavyo vilipaswa kusafishwa kabla havijakauka. Wakati huo kampuni ya magari ya Ford haikuwa imeuza gari hata moja.

"Kazi ilikuwa rahisi." Ndugu wawili, Emery na Ellsworth Kolb, walijenga studio mwaka 1904 mwanzoni mwa njia ya Bright Angel. Asubuhi waliwapiga picha watalii wakiteremka juu ya nyumbu. Kwa kuwa maji safi yalikuwa adimu ukingoni, Emery alishuka mbio kilomita 7 hivi hadi Indian Garden, ndani ya korongo, palipokuwa na maji, akasafisha picha katika chumba chenye giza, kisha akapanda tena mita 900 ili watalii wakirudi wazikute tayari. Hakuna gurudumu lililomsaidia pale.

"Ilikuwa nyika tupu." Hili ndilo dai baya kuliko yote. Indian Garden palikuwa na mashamba ya Wahavasupai, wenyeji wa asili wa korongo hilo. Eneo lilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1919, walizidi kubanwa, na kufikia 1928 wa mwisho wao alikuwa ameondolewa. Mwaka 1975 Bunge la Marekani liliwarudishia kiasi cha ekari 185,000 za ardhi yao ya asili. Ardhi hairudishwi kwa watu ambao hawakuwahi kuwepo.

Gari lilileta umati, na sifa hiyo ni yake. Ila njia, maji na mashamba vilikuwa na wenyewe, na kila anayeonyesha picha zile anawajibika kuwataja.