Mito yetu haimo katika noti za chuo

Muhula uliopita nilirithi kozi ya usimamizi wa maji katika chuo kimoja hapa Kitui, ninakofundisha kama mhadhiri wa muda. Noti zilikuwa kurasa 112, zimenakiliwa kutoka kitabu cha ng'ambo. Zoezi la kwanza lilimtaka mwanafunzi akokotoe maji yanayopita mtoni mwezi wa Julai. Binti mmoja wa Kibwezi aliinua mkono. "Mwalimu, mto wetu Julai ni barabara. Bodaboda hupita humo."

Alisema kweli. Kaiti, Thwake, Tiva: hii ni mito ya msimu. Ikishakauka, watoto wetu hufukua mchanga kwa mikono mpaka maji yatokee, wakayachota kwa kata na kujaza mtungi wa lita 20. Vijana wanaoingia darasani wakilijua jambo hilo tangu utotoni, sisi tunawakaririsha mto wasioujua.

Hapa kwetu somo la maji ni bwawa la mchanga. Ukuta wa saruji hujengwa kukatiza mto, juu ya mwamba. Mafuriko yakija, mchanga mzito hutua nyuma ya ukuta na tope jepesi hupita juu. Baada ya misimu kadhaa nafasi yote imejaa mchanga, na robo ya ujazo wake, hata zaidi, huwa maji. Jua haliyafikii kwa urahisi, wala mbu hawazaliani humo. Kitui kuna mamia ya kuta za namna hii, ambazo shirika la SASOL limezijenga pamoja na wanavijiji tangu miaka ya 1990. Wageni husafiri kutoka mbali kuja kuziona. Katika noti nilizorithi hazikutajwa hata mara moja.

Kwa nini nisizirekebishe tu noti hizo na kuwagawia wanafunzi wa vyuo vyote? Kwa sababu kitabu kile kina hakimiliki ya mchapishaji, na kukibadilisha na kukisambaza bila idhini yake ni kuvunja sheria. Hapo ndipo nyenzo huria za elimu zinapoingia. Jina hilo lilitungwa katika kikao cha UNESCO mjini Paris mwaka 2002, na mwaka 2019 nchi wanachama zikapitisha pendekezo rasmi la kuziunga mkono. Wengi wetu, wakuu wa vyuo wakiwamo, tunadhani maana yake ni vitabu vya bure. Lakini kitabu cha bure kinachoeleza mto wa ng'ambo kitabaki kuwa cha ng'ambo. Thamani ya nyenzo hizi imo katika ruhusa: leseni huria humruhusu mwalimu achukue sura, aikate, aongeze ya kwao, kisha aisambaze, mradi amtaje mwenye kazi.

Nikatafuta sura yenye leseni hiyo, nikaanza kuandika moduli upya. Kwanza nilijiuliza: mwisho wa juma la tatu, mwanafunzi huyu aweze kufanya nini? Jibu langu lilikuwa kwamba asimame mtoni na kuchagua mahali pa kujenga ukuta. Mtihani ukatokana na jibu hilo, mazoezi yakatokana na mtihani, na maelezo yakaandikwa mwisho. Huo ndio usanifu wa masomo, na wengi wetu hatukuwahi kufunzwa. Tuliajiriwa kwa shahada zetu, tukapewa chaki.

Ili kupata mifano ya hapa, mimi na wanafunzi tulikwenda Makueni kwa fundi mwashi mmoja mzee. Alidunga mchanga kwa chuma kirefu mpaka kikagonga mwamba, akahesabu hatua tatu, akadunga tena. Alituonyesha mikuyu kando ya mto, kwamba inapostawi maji hayako mbali. Wanafunzi walimrekodi kwa simu, kwa idhini yake, na maneno yake sasa ni sehemu ya moduli. Jina lake limo ukurasa wa kwanza, pamoja na la mwandishi wa sura ya asili.

Noti za zamani zilikuwa faili la megabaiti 140. Mwanafunzi anayenunua bando ndogo hulifungua kwa shida. Moduli mpya ni megabaiti 3, na inasomeka kwenye kioo cha simu ndogo.

Watoto wadogo wametutangulia. Tovuti ya African Storybook ina hadithi za Kikamba zenye leseni huria, na mwalimu wa chekechea anaweza kuzichapisha na kuzibadilisha apendavyo. Kwa upande wa vyuo, Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati Agosti 2023 na makao yake yako Konza. Chuo kinachofundisha kwa mtandao, tena jirani yetu, kinafaa kuwa cha kwanza kuweka moduli zake chini ya leseni huria.

Lakini mhadhiri atatoa wapi moyo? Moduli yangu ilinichukua miezi 4. Makala moja kwenye jarida ambalo wanafunzi wangu hawataliona kamwe ingenisogeza karibu zaidi na cheo. Bodi za vyuo zina uwezo wa kulirekebisha hili katika kikao kimoja: moduli huria iliyopitiwa na wenzako na kutumika darasani ihesabiwe kama makala.

Nanyi wenzangu wa Kitui, Wote na Machakos mnaofundisha udongo, mifugo, uuguzi au sheria ya ardhi, zitoeni noti zenu, ziandikeni upya kwa mifano ya hapa, mziwekee leseni huria kabla ya muhula wa Septemba. Wanafunzi watakuwa wamefika, na mito bado mikavu.