Hadithi za Picha: Msomaji Asinyang'anywe Saa Yake



Kila turudipo kutoka likizo huzuka ubishi mabwenini. Wengine husema kwamba hadithi za picha zilizopigwa chapa katika karatasi zimepitwa na wakati, kwa kuwa sasa zasomwa katika simu. Wengine, wakiwamo baadhi ya walimu wetu, husema zile za simu si sanaa hata kidogo, bali ni mchezo wa mashine. Mimi naona pande zote mbili zatazama chombo na kuisahau kazi. Haifai kuuliza kama picha imechorwa kwa kalamu au kwa kompyuta. Yafaa kuuliza hivi: msomaji anaposoma, saa i mkononi mwa nani?

Katika sinema, picha hupita kwa mwendo aliouweka mtengenezaji. Ukipiga chafya, jambo limekupita. Hadithi za picha sivyo zilivyo. Mchoraji huchora kisanduku kimoja, akaacha nafasi nyeupe, kisha akachora cha pili. Katika kisanduku cha kwanza kijana yu juu ya mpera wa watu, na mbwa yuko chini. Katika cha pili kijana yu nyumbani, kaptura imechanika, na mama amesimama mlangoni. Kuumwa kwenyewe hakukuchorwa. Ni wewe msomaji uliyemleta yule mbwa, katika akili yako, kwa wakati wako. Ndiyo maana Juha Kalulu wa Edward Gitau aliweza kuchekesha watu miaka mingi katika gazeti la Taifa Leo kwa visanduku vichache tu.

Karatasi ina sheria zake. Jicho huona ukurasa mzima mara moja, na ukurasa unaofuata umefichwa mpaka mkono uufunue. Hergé wa Ubelgiji, aliyeanza kuchora Tintin mwaka 1929, aliijua sana siri hiyo. Alizoea kumaliza ukurasa kwa jambo la kumfanya msomaji atamani kujua litakalofuata.

Zilipoingia kompyuta, watu walianza kwa kuhamisha kurasa zile zile na kuzitia katika kioo. Kampuni ya comiXology ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2007, ilibuni njia ya kumwongoza msomaji kisanduku kimoja kimoja. Njia hiyo ilisaidia macho katika kioo kidogo, lakini ule uzuri wa kuona ukurasa mzima ulipotea. Lakini tangu mwaka 2000 mchoraji Scott McCloud, Mmarekani vile vile, alikuwa amekwisha kuandika kwamba kioo cha kompyuta si lazima kiwe ukurasa; chaweza kuwa dirisha la kutazamia karatasi isiyo na mwisho.

Waliolitimiza jambo hilo vizuri ni Wakorea ya Kusini. Mwaka 2003 Kang Full alitoa katika intaneti hadithi ya mapenzi iliyosomwa kwa kushuka chini, na mwaka 2004 kampuni ya Naver ikaanza huduma yake ya hadithi za namna hiyo, ziitwazo webtuni. Hapo ile nafasi nyeupe ikawa na urefu. Mchoraji akitaka kutuchelewesha, huacha nafasi ndefu, na kidole hakina budi kuisafiri yote. Mtu akianguka kisimani, ni kidole chako kinachomshusha, na waweza kusita ukiogopa. Hii ni sanaa kamili, maana saa ingali mkononi mwa msomaji.

Lakini mwaka 2011 mchoraji Mkorea aitwaye Horang alitoa hadithi ya mzimu. Msomaji afikapo mahali fulani, picha hukimbia zenyewe, na mzimu humrukia usoni. Ni ufundi wa ajabu, nami sikatai kwamba unashtua. Hata hivyo, dakika ile mashine imemnyang'anya msomaji saa yake. Mtu aweza kunijibu kwamba msomaji mwenyewe alitaka kushtushwa. Ni kweli, kwa mara ya kwanza. Mara ya pili amekwisha kujua, wala hana la kujaza kwa akili yake. Wachoraji wote wakifuata njia hiyo, wakaongeza muziki na picha zinazotikisika, watapata sinema isiyo na waigizaji. Ngoma ivumayo haidumu.

Wala wenzangu wasemao karatasi imekufa wasishangilie mapema. Lore Olympus ya Rachel Smythe wa New Zealand ilianza katika simu mwaka 2018, ikapata tuzo ya Eisner mwaka 2022. Nayo pia imepigwa chapa vitabuni, na ilibidi visanduku vyake vipangwe upya ili vikae katika kurasa. Kila chombo kina sheria yake. Simu ni nyembamba: soko lililojaa watu halienei humo kama linavyoenea katika kurasa mbili zilizofunuliwa.

Sisi wa bweni haturuhusiwi simu, wala siombi amri hiyo ibadilishwe. Naomba mambo mawili madogo. La kwanza, gazeti letu hili liwape wachoraji wa shule kurasa mbili kila muhula, nasi tujifunze kupima nafasi nyeupe kwa kalamu na rula. La pili, chumba cha kompyuta kifunguliwe saa moja kila Jumamosi, chini ya mwalimu, ili hadithi ile ile ichorwe tena kwa kushuka chini. Anayeweza kuisimulia hadithi moja kwa njia zote mbili ndiye atakayekuwa mchoraji, kifaa chochote kitakachokuja.

Na wazazi watuonao tukichora wasidhani tunapoteza wakati. Tunajifunza kuushika wakati na kumkabidhi mtu mwingine.

Mwenye maoni tofauti na ajibu katika toleo lijalo.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne